Mtori Kwenye Zahanati

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Uru tu wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeuliza kama bonasi inamsaidia muuguzi.

Nilipokuwa muuguzi kijana, zahanati yetu iliahidiwa bonasi wajawazito wakija kujifungulia kwetu. Hawakuja. Nikamwendea mama mmoja aliyemzuia mke wa mwanawe asije, nikamuuliza sababu.

"Huko nani atampikia mtori wa ndizi akishajifungua?" akaniuliza.

"Njoo upike wewe, mama. Jiko lipo."

Alikuja na ndizi zake, na mjukuu wake akazaliwa salama mikononi mwangu. Akina mama wakwe wengine wakafuata, vitanda vikajaa. Bila ile ahadi nisingetoka kwenda kumuuliza yule mama wa kwanza.

Bonasi ilipofika tulinunua sufuria kubwa, naye ndiye aliyetuchagulia sokoni Moshi, akitembea mbele yetu wauguzi wote.

Bibi yako,
Anna