Salamu za Nyumba Nzima

3 Februari

Kwa mwanangu kifungua mimba,

Nakusalimu kwa moyo wote. Natumai barua hii itakukuta kifua kimetulia na ule mvuke wa pasi haujakumaliza. Sisi huku hatujambo kabisa. Shangazi yako anakusalimu, mguu wake umepoa, maneno ndiyo hayajapoa. Mdogo wako wa mwisho anakusalimu, na mkewe, na mtoto wao ambaye sasa anakimbia na kugonga kila kitu. Mpangaji wetu fundi redio anakusalimu, bado anaimba akioga. Paka naye angekusalimu kama angekuwa na adabu.

Umesema mwaka huu unastaafu udobi wa hotelini, na kwamba wewe na rafiki yako mpishi mnatafuta nchi ya kwenda kukaa uzeeni. Nilisoma, nikarudia, nikavaa miwani nikasoma tena. Mwanangu, nchi inachaguliwaje? Mimi najua kuchagua nyanya, unaibonyeza kidogo unaisikia.

Niandikie hizo nchi zikoje. Simu usinipigie kwa jambo hili. Salio lako linaisha mimi bado nasema haloo. Na usituwaze. Tupo wengi, nyumba imejaa.

Ni mimi mama yako.

19 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono tu ndiyo inavimba jioni kwa kukunja mashuka. Wasalimie wote, na huyo paka asiye na adabu.

Nchi ziko mbili. Moja ina milima, hewa safi, hospitali karibu, na watu wake wanazungumza taratibu kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Nyingine iko baharini. Jua mwaka mzima, nyumba ndogo nyeupe zenye vibaraza, na wazee kutoka kila upande wa dunia wanacheza karata tangu asubuhi. Mpishi anataka ya bahari. Tutapanga nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa Aprili.

Mama, nikwambie ukweli? Mahali nilipopafikiria kwanza ni nyumbani. Lakini kila nikisoma salamu zako nawapanga watu vyumbani. Shangazi yuko chumba changu cha zamani, mdogo wangu na familia yake chumba cha mbele, fundi redio cha uani. Mimi nitalala wapi, juu ya cherehani yako? Na sitaki mtu ahamishwe kwa ajili yangu. Basi nisaidie, milima au bahari?

Kifungua mimba wako.

14 Machi

Kwa mwanangu kifungua mimba,

Hiyo mikono ipake mafuta ya uvuguvugu na usinibishie. Sisi wazima wote. Shangazi yako amekaa hapa mlangoni anamenya viazi, anasema milima itakuua magoti. Mdogo wako na mkewe wanasema bahari. Fundi redio anasema popote penye umeme. Nyumba ina kelele mpaka nashindwa kuyasikia ninayotaka kukuandikia.

Nimezifikiria nchi zako. Hiyo ya milima, ukikohoa, nani atakuuliza vipi? Watu wanaoogopa kupaza sauti, mlango watagonga kweli? Hiyo ya bahari nayo, hao wazee wakimaliza karata wanakwenda wapi? Wanakwenda kwa nani? Na huyo mpishi, anakoroma? Muulize kabla hamjalipa kodi.

Leo nimechemsha chai birika zima, mazoea haya, nusu nikaimwaga. Lakini hayo hayakuhusu.

Nenda baharini mwanangu. Nakubariki kwa mikono miwili. Karatasi imelowa kidogo hapa chini, ni maji ya vyombo.

Ni mimi mama yako.

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, na nikiwa bado nimeishika simu ikaita. Shangazi. Nikamtania, "Umemaliza kumenya viazi?" Akasema, "Viazi gani tena?" Kumbe yuko kwa binti yake tangu mwaka jana, mguu ulipozidi. Akaniuliza, "Na mama yako anaendeleaje mle ndani peke yake?" Nikakaa juu ya rundo la mashuka, ya wageni, yameshapigwa pasi.

Nikampigia mdogo wangu. Alihamishwa kikazi, wakaondoka wote na mtoto. Anasema ulimwapisha asiniambie. "Mama alisema dada akijua ataacha kazi siku hiyo hiyo." Na fundi redio je? Naye ameacha kuimba?

Sijakasirika, mama. Lakini nilikuwa nimebakiza kidogo tu nikanunue kiti cha kibarazani kwenye nchi nisiyoijua, nikiwapisha watu ambao hawapo. Mpishi ananiuliza kila asubuhi, na mimi nakunja mashuka. Niambie tu, nani yuko nyumbani?

Kifungua mimba wako.

11 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Hujanijibu, na simu yako inaita tu. Jirani ameniambia upo, unaanika nguo, unaitikia salamu, basi nikashusha pumzi.

Mpishi amekwenda baharini peke yake. Nilimbebea mabegi hadi kituoni. Alilia, akanitukana kidogo, tukacheka. Mimi nimebaki nangoja barua yako.

Kifungua mimba wako.

30 Mei

Kwa mwanangu kifungua mimba,

Nakusalimu. Anayekusalimu ni mimi. Na paka, huyo sikumzua.

Nimechelewa kwa sababu kila nikianza barua, nikifika kwenye salamu mkono unagoma. Barua yenye mtu mmoja niliiona kama meza yenye kijiko kimoja. Shangazi yako alipoondoka nikasema nimwache kwenye barua mpaka arudi. Mdogo wako alipoondoka nikamwacha naye, ili shangazi asikae peke yake mle. Fundi redio alioa akahama, na kuimba kwake kubaya ndiko ninakokukumbuka kuliko kodi yake. Sikujua kwamba unawapanga vyumbani. Mimi nilikuwa nakuondolea wasiwasi, kumbe nakufungia mlango.

Sasa, uliniomba nikusaidie kuchagua nchi. Ipo ya tatu, nayo wacha nikueleze yote kabla hujaamua. Umeme unakatika. Zahanati ina foleni ndefu, ila nesi ananijua, ananiuliza na habari zako. Paa linavuja, lakini linavujia bafuni, hapo maji hayadhuru. Jua lipo la bure. Bahari haina, labda tangi la jirani likifurika. Watu wake wana kelele, na ukikohoa jirani anaita juu ya ukuta, "Vipi huko, mama?" Karata utanifundisha. Mwenye nyumba ni mzee, ana maneno mengi na anakoroma, nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Kodi yake ni kumtungia uzi kwenye sindano, maana tundu halioni tena.

Sikulazimishi. Kama mpishi bado amekuwekea chumba, nenda kwa amani, nami nitakuandikia huko huko, salamu za kweli tupu.

Lakini chumba chako nimekifagia, na nimemwita fundi apake rangi. Anataka kujua kitanda kitakaa wapi, na mimi nimesahau, Mungu anisamehe. Ulikuwa unalala kichwa upande wa dirisha au upande wa ukuta? Fundi ameshafungua ndoo. Nijibu upesi.

Ni mimi mama yako.