Jiwe la Baba na Jiko la Upper Hill

Dagoretti, Nairobi

Kaka Simiyu,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Mguu wa mama umepona, au bado anauburuta na kukataa hospitali? Mimi ni mzima, ila vumbi la mawe hunikohoza kama trekta la zamani.

Barua yako ilinikasirisha. Eti niliacha ualimu nije kufanya kazi ya wafungwa! Mkoloni ndiye aliyelifanya jiwe kuwa adhabu, kaka, na wewe bado unamshikia kiboko. Njoo umwone Karanja, fundi wetu mkuu, akipanga kukata bamba moja tu. Utavua kofia.

Unajua ninavyogombana na huyo Karanja. Ana majivuno, ana mdomo, na katika siasa hajasema neno nikalikubali. Lakini mwezi huu tuliletewa bamba la marumaru ya Kajiado, jeupe lenye mishipa ya kijivu, tulikate liwe meza ya jikoni ya nyumba moja ya Upper Hill. Likiharibika, jingine lenye mishipa kama hiyo halipo. Karanja hakugusa msumeno. Alikwenda kwanza kule jikoni, akakata karatasi za mifuko ya simiti kwa umbo la meza, akarudi kuzitandaza juu ya jiwe. Alilimwagia maji ili nyufa zilizojificha zionekane. Akazisogeza karatasi huku na huku, mpaka mishipa ikapita kwenye kona kama mto unaopinda. Tundu la sinki akaliweka mbali na mshipa, maana hapo ndipo jiwe huvunjika. Nilimsifu kwa sauti, nawe wajua hilo ni nadra.

Tena kulikuwa na kipande kirefu, kizuri, ambacho kingebaki. "Hicho ni cha baba yako, Mwalimu," akasema, na mwenye karakana akakubali. Kaka, nilikipima kwa shibiri pale pale. Kaburi la baba lingepata jiwe hatimaye!

Kabla ya kukata tukazipeleka karatasi jikoni mara ya mwisho. Mpishi wa nyumba ile, Mama Rasoa, mtu wa kwetu, akashika kiuno.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Hapo vipande viwili vinaungana," Karanja akamjibu.

"Hapo ndipo ninapokanda chapati. Unga utajaa humo uoze, halafu mimi ndiye nitaitwa mchafu. Ama utakuja kuuchokoa na sindano?"

Nilimrukia yule mama kwa hotuba, maana kiungo kikihama, kipande cha baba kingeliwa. Nikaapa kwamba kiungo cha Karanja hakipitishi hata unywele.

"Mwalimu, nyamaza," Karanja akasema. "Si wewe utapika hapa."

Akazirarua karatasi zake mwenyewe, mbele yetu, akaanza upya. Kiungo kikahamia karibu na jiko, na ili mishipa izidi kufuatana, kile kipande kirefu kikamezwa chote.

Nilimchukia Karanja njia nzima ya kurudi. Kisha nikajiuliza: katika mabishano yangu yote, magazetini na barazani, nimewahi kumwona nani akirarua hoja yake nzuri kwa sababu mpishi amesema kweli? Sijamwona. Hata kwenye kioo.

Meza imeshawekwa, na Mama Rasoa huipitishia kiganja kila anapopita. Kwetu kimebaki kile kipande cha tundu la sinki. Karanja alitoboa pembe kwanza ili kitoke kizima, akaking'arisha mwenyewe. Nitakileta Krismasi.

Ni kidogo, kaka. Wewe ulitaka aya ya Biblia na cheo cha baba kanisani. Mimi nilitaka watu wasome alivyonyanyaswa katika shamba la mzungu. Tumegombana juu ya hayo tangu tumzike, naye amelala bila alama. Nimepima, na vyote haviingii. Linaingia jina lake tu.

Mpe mama salamu zangu, umwambie aende hospitali. Msalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, ambaye najua hajapunguza sauti.

Maneno yangu ya kaburini nimeyararua. Nakuomba na wewe uyararue yako.

Mdogo wako,
Wafula