Choo cha Nekesa kwa Jina la Rosa

Jumanne, 14 Mei 1991. Kanduyi.

Kumekucha na ukungu mzito, barabara haionekani hata ukisimama mlangoni. Baadaye jua kali, na alasiri mvua. Siku ya kawaida ya Mei.

Nimekasirika hata mwandiko wangu umeharibika.

Acha nianze mwanzo, la sivyo nitajaza ukurasa kwa matusi.

Rosa ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Ana hoteli yake ndogo hapa Kanduyi, ya chai, mandazi na githeri, na tangu nirudi kazini ndiye anayenilelea Nekesa. Nekesa ana mwaka mmoja na nusu. Asubuhi namwacha kwa Rosa naenda maabara mjini Bungoma. Jioni namkuta ameoga, ameshiba, mara nyingine amelala mgongoni mwa Rosa huku Rosa akikanda unga. Baba yake anafundisha Kitale na huja mwisho wa wiki. Kwa hiyo kusema kweli, mtoto huyu tumemlea wawili, mimi na Rosa.

Majuzi bwana afya alipita hoteli zote. Kila mpishi apimwe choo apate cheti, asiye nacho atafungiwa. Kwetu maabara utaratibu ni mmoja: mpishi anakuja mwenyewe, anapewa kichupa, anaingia choo cha nyuma na kutoka nacho. Wapo wanaoleta kutoka nyumbani ndani ya kiberiti. Tunawarudisha, na Bwana Makokha, mkuu wetu, hana mchezo na jambo hilo. Lakini Rosa alisema anaona haya kusimama kwenye foleni na wateja wake huku ameshika kichupa. Nikacheka, nikampelekea kichupa nyumbani. Ijumaa saa ya chakula cha mchana nikapitia kwake, akanipa kikiwa kimefungwa kwa gazeti, nikakibeba mwenyewe hadi kazini.

Choo kilikuwa laini, cha manjano. Kwenye darubini niliona matone mengi ya mafuta, kama ya mtu anayeishi kwa maziwa. Nikajiambia, huyu na chai yake! Nikakipaka kwenye sahani ya agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria, nikaiweka kwenye joto ilale humo.

Jumamosi sahani ilikuwa imeota. Bakteria wa kawaida wa tumboni huota rangi ya waridi kwenye agari yetu, na hao siwaogopi. Lakini katikati ya waridi palikuwa na madoa yasiyo na rangi, yanayopitisha mwanga. Nilishuku papo hapo. Nikayahamishia kwenye chupa nyingine kuona yanakula sukari gani, na leo nikayachanganya na dawa ya kuyatambua juu ya kioo. Yakagandana kabla sijamaliza kukitikisa.

Shigela. Ndiye anayeleta tumbo la kuhara damu.

Sikuandika majibu. Nilitaka Rosa asikie kwangu kwanza, atumie dawa, afunge jiko kwa muda bila maneno ya watu. Njia nzima ya kutoka kazini nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia ili asiumie.

Mimi ndiye niliyekuwa namwonea huruma!

Jioni nilimkuta nyuma ya hoteli anasugua sufuria, Nekesa amekaa kwenye kigoda anakula mandazi. Nikamvuta kando, nikamwambia taratibu kwamba choo chake kina ugonjwa, lakini ni ugonjwa wenye dawa.

Aliniangalia. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

“Wacha nikwambie ukweli, Mama Nekesa. Hiyo si yangu, bana.”

“Ati nini?”

“Si yangu. Ni ya huyu hapa.” Akanionyesha kwa kidevu.

Nekesa wangu, makombo ya mandazi mashavuni.

Nilimuuliza kwa nini. Alijibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mjinga analijua. “Si choo cha mtoto ni safi? Anakunywa maziwa tu, bado hajakula uchafu wa dunia. Mimi tumbo limeniendesha tangu nitoke matanga kule Kitale. Nikaona nikipeleka yangu nimekwisha.”

Tangu atoke matanga. Nilisimama pale nikirudi nyuma wiki kwa wiki kichwani. Rosa alirudi kutoka Kitale baada ya Pasaka. Siku chache baadaye Nekesa akaanza kuhara. Ni Rosa huyu huyu aliyeniambia, “Ni meno hayo, usijisumbue,” nami nikaamini, mimi ninayeshinda nikipima watoto wa watu. Tumbo la mtoto likatulia nikasahau. Kumbe wakati huo mwenzangu alikuwa anakimbilia choo, anarudi kumkorogea mwanangu uji, na hanifungulii mdomo.

Alichota kwenye nepi ya mwanangu kwa kijiko cha kile kichupa nilichompa mimi.

“Ulijua unaumwa, ukaendelea kumlisha?” nikamuuliza.

“Nilikuwa nanawa mikono! Kwani unaniona mchafu?” Hapo akapunguza sauti, akanishika kiwiko. “Lakini sasa si ni rahisi? Andika hakuna kitu. Si umejua siyo yangu?”

“Na yako iko wapi?”

Aliirudia sufuria yake, akasema bila kuinua macho, “Haya, peleka. Nifungiwe. Kesho mtoto utamwachia nani, hiyo darubini?”

Nikamchukua Nekesa. Alilia kwa nguvu, akajinyoosha juu ya bega langu akiita, “Losa! Losa!” Mama mmoja aliyekuwa akingoja mandazi akanisemesha kwa upole, “Aii, dada, si umrudishe tu. Mtoto anataka mamake.”

Nilikaza mwendo hadi nyumbani.

Nekesa hana joto. Amekula, amecheza na vifuniko vya sufuria, tumbo lake ni laini. Najua kwamba mtoto anaweza kuonekana mzima na bado akawa anawatoa wadudu hao kwa wiki kadhaa. Najua pia kwamba wapo watoto ambao hawakupona kwa urahisi kama yeye. Nimekuwa nikipokea vichupa vyao. Nimechemsha maji yote ya nyumbani na kulowesha nepi kwenye dawa, na kila nikishika kitu namwona Rosa akikishika.

Kesho kabla ya kazi nampeleka kwa daktari. Halafu nitaingia kwa Bwana Makokha nimwambie kwamba sampuli ile haikuwa ya mwenye jina, na kwamba ni mimi niliyeibeba mkononi kinyume cha utaratibu. Anaweza kuniandikia barua ya onyo. Na iwe. Nitamwomba Rosa aitwe apimwe upya, aje mwenyewe kama wengine. Watoto wa shule hununua mandazi pale kila asubuhi.

Nataka kuandika kwamba nafanya haya kwa ajili ya watoto hao. Kwa sehemu ni kweli. Kwa sehemu nyingine nataka asimame kwenye ile foleni na kichupa mkononi, wateja wake wamwone.

Angeniambia tu. Hilo ndilo linalonirudia. Angesema, dada, tumbo langu ni baya, ningemletea dawa mwenyewe na hakuna mtu angejua. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye mtu ambaye Rosa anaweza kumwambia hivyo. Alinitazama akaona mtu wa maabara, mtu wa kudanganywa ili apite.

Au alikuwa na haki ya kuniogopa? Sijui. Leo sitaki kumtafutia sababu.

Mtoto atakaa na nani Alhamisi, hilo pia sijui. Kesho nitaomba ruhusa ya siku nzima nikae naye. Baba yake akija Jumamosi nitamweleza yote, pamoja na kichupa nilichokibeba.

Nekesa ameamka mara moja akaketi gizani, akauliza Rosa yuko wapi. Nimemwambia amelala. Akakubali, akajilaza tena akinipa mgongo.

Saa saba na robo. Nazima taa.