Samaki wa Ubundu

Kisangani, 14 Novemba 1967

Tantine Zamda,

Nimefika salama. Kwanga zako za muhogo zililiwa na bogi nzima ya treni.

Bon, kozi za biolojia zimeanza tena. Jana profesa alitupa kila mutu samaki wake, ngolo, tumupasue polepole na kupanga viungo kwenye sahani. Nikakumbuka siku waasi walipokuja sokoni Ubundu kutafuta wanafunzi wawaue. Nilisema nauza samaki, wakanipa mumoja nimupasue, na kwa mazoea ya kozi nikaanza kupanga ini pembeni ya moyo. Ukanipiga kofi mbele yao:

“Huyu mutoto wa kaka yangu iko mujinga. Kila siku namufundisha, bado anacheza na samaki.”

Wakacheka, wakaenda. Faustin, tuliyesoma naye, hakuwa na tantine sokoni.

Miaka mitatu niliyouza samaki na wewe imenikaa mikononi. Jana nilipitisha kisu mara moja, matumbo yote yakaingia kwenye ndoo. Profesa akanipa sifuri. Nilitembea mupaka nyumbani nikicheka peke yangu.

Karatasi yenye sifuri nimeiweka humu ndani. Uitunze, ni alama yako.

Mujinga wako,
Amisi