Bunduki Imetoka Nyumbani, Ajiambo

Ajiambo, mdogo wangu,

Bunduki imetoka nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu nimekuwa nalo kifuani tangu Jumatatu, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Unakumbuka ilivyokuwa haitulii. Leo iko kwetu Buteba kufukuza nyani, kesho imevuka mpaka kwa mjomba, kesho kutwa kwa jirani. Mwenye mahindi anaazima, akimaliza anairudisha, baba anaitundika kwenye misumari juu ya mlango. Na kila anayeirudisha anasema yaleyale: "Haina kitu." Hakuna aliyeifungua kuangalia. Kuifungua mbele yake ilikuwa kama kumwita mwongo.

Siku ile jirani alisema haina kitu. Nilikuwa na miaka kumi, wewe sita. Nilipanda kiti nikaishusha, nikakwambia, "Wewe ndiye nyani, kimbia!" Ukacheka. Ee Ajiambo, ulicheka kweli. Mengine unayajua.

Baba hakunipiga. Baada ya matanga akaitundika palepale. Ndiyo maana binti yangu, niliyempa jina lako, alikuwa hajalala kwa babu yake hata siku moja. Nilikuwa nampeleka asubuhi, nakaa mlangoni kama askari, jioni narudi naye Tororo. Mama aliudhika: "Kwani sisi wachawi?" Nikambeba mtoto, tukaondoka.

Sasa kuna sheria mpya. Chifu aliisoma mbele ya watu wote: bunduki ni ya mwenye leseni peke yake, hakuna kuazimana, ikae kwenye sanduku la kufuli, risasi zikae mbali. Watu walinung'unika, loo! Mahindi yatalindwa na nani? Baba akasimama, mzee yule asiyesema. "Ingekuja mapema, ningekuwa na binti." Akakaa.

Yeye hata sanduku hakutaka. Jumatatu nilimbeba nyuma ya baiskeli hadi polisi Tororo, ameikumbatia ndani ya gunia. Askari akaifungua mezani, akachungulia. Ilikuwa na risasi. Aliyeirudisha mara ya mwisho naye alisema haina kitu.

Njiani baba akanigonga mgongoni nisimame. Hakunitazama. "Mwanangu, haikuwa wewe. Mimi ndiye niliyeitundika bila kuifungua." Nililia pale barabarani, watu wanapita na mizigo yao, wala sikuona haya.

Nyani wamekula mistari miwili ya mahindi tayari. Wale tu! Mama anawapigia madebe na kuwatukana mpaka majirani wanacheka. Kwenye ile misumari ametundika ungo wake.

Juzi Ajiambo wangu alilala kwa babu yake. Mimi nilibaki Tororo, nikalala mpaka jua likaniingilia dirishani. Miaka kumi na sita sijalala hivyo.

Pumzika, mdogo wangu. Akiniuliza jina lake limetoka wapi, nitamwambia yote, hata yale ya kiti na mimi. Nakuahidi. Na nitamwambia ulivyokuwa unacheka.

Kaka yako,
Wandera