Kile Kicheko Kitabuni Mwetu

Shoga, uko? Usiipeleke ile michoro yako kwa mpiga chapa. Nakuambia usiipeleke!

Nimetoka kuwasomea watoto kitabu chetu shuleni.

Nimefika pale mkoloni aliyebebwa kwenye kiti anapoporomoka matopeni, kijiji kizima kinacheka. Watoto hoi! Nikajiona fundi, historia inawaingia na hakuna anayesinzia.

Kumbe mpishi wa shule, yule mama mtu mzima, kasimama mlangoni na mwiko wake. "Endelea, mwalimu."

Nikamwambia, mama, hadithi imeishia hapo.

"Haijaisha. Waliocheka walipangwa mstari mbele ya bunduki. Babu yangu alikuwa wa tatu."

Wa tatu! Wala hakupandisha sauti. Katoto kamoja ka mbele kakauliza, "Mstari wa nini?"

Mpishi akanitazama mimi. Mimi! Nikafunga kitabu.

Sasa sikia kinachonimaliza. Kisa chenyewe si nilikipata kwa baba? Alikuwepo siku ile, mtoto mdogo. Katusimulia miaka nenda rudi, na kila akifika pale watu wanapocheka, ananyanyuka anatoka nje. Kila mara, shoga. Hakuwahi kupita hapo hata siku moja.

Sisi tunabaki ndani tunashika mbavu.

Maisha yangu yote nilidhani anakwenda kuchekea nje.