Moshi wa Kabuye

Jumatatu, 4 Juni 1956

Kabuye leo. Tena hakuna mtu. Nimebeba kile chombo chenye miguu mitatu kuanzia pale barabara inapoishia, na mgongo wangu si wa punda, ni wa fundi cherehani. Bwana wa ramani anachungulia kwenye kioo, anataja namba, anaandika. Wenyeji wamembatiza Miguu-Mitatu. Mbele yake namwita Bwana. Humu ni Miguu-Mitatu, nisipojisahau.

Kazi yangu ni kugeuza Kinyarwanda cha watu wa milimani kiwe Kiswahili, ili yeye asikie. Leo sikugeuza hata neno moja. Nyumba zimefungwa. Ng'ombe hakuna, moshi hakuna. Akaandika kwamba kilima hakina watu, akaniambia twende.

Niliingiza mkono kwenye jiko la nje la nyumba ya kwanza. Majivu bado ya moto. Chini ya tenga kuna kuku, mdomo umefungwa kwa uzi asilie. Kilima kizima kiko juu kwenye mianzi, kinatutazama.

Nikanyamaza. Mke wangu amezaliwa hapa. Hawa wamewakimbia wenye kuhesabu tangu mzungu wa kwanza, na si kazi yangu kuwakamata.

Jumanne, 5 Juni

Baridi ya kishenzi. Kwetu Mbugangari, kule mjini, mtu analala na shuka. Huku Mudende blanketi mbili hazitoshi, na asubuhi mlima Karisimbi una weupe kichwani.

Mchana tulikula viazi. Nikamuuliza Bwana ile rangi ya njano anayopaka kwenye ramani ni ya nini. Akajibu huku anamenya kiazi: "Fundi, pahali rangi hii iko, mutu hakuna. Udongo bila mutu ni ya Serikali. Donc, watalima pareto."

Kabuye yote ni ya njano. Kutoka kijito hadi mianzi.

Sikumaliza kula.

Jumatano, 6 Juni

Nimekasirika na kila mtu. Na Miguu-Mitatu. Na watu wa Kabuye na kuku wao. Wanajificha ili wasichukuliwe, na kule kujificha ndiko kutakakowaondoa.

Ijumaa, 8 Juni

Nyumbani. Baada ya sala nilimweleza Mariamu, mke wangu.

Niandike hili, maana linaniuma. Baba yake hajakanyaga kwangu tangu harusi. Jina lake silitaji hata humu, mkwe hatajwi jina. Siku ile alishuka kutoka Kabuye na mtungi wa pombe ya mtama, akaniwekea mrija, kama baba wa bibi harusi anavyofanya kwao. Nikasema dini yangu hainiruhusu. Nilisema kwa adabu, lakini mbele ya watu. Kwao, mkwe anayekataa mrija amekataa nyumba. Akainuka, akapanda mlima na mtungi wake. Saidi wetu sasa anatembea, na babu yake hajamwona.

Mariamu hakulia. Alifunga chumvi kwenye kitambaa. "Baba Saidi, kesho we utaenda. Mi akiniona atageuza uso. We akikuona atakasirika, na mutu mwenye kukasirika anasikiliza."

Sitaki kwenda. Nitakwenda.

Jumamosi, 9 Juni

Nilipanda peke yangu. Kabuye ilikuwa inafuka moshi, watoto wanapiga kelele, watu wanapalilia viazi. Hakuna aliyekimbia. Bila ile miguu mitatu mimi ni mtu tu mwenye kanzu na chumvi.

Mkwe wangu alikuwa mlangoni pa ua wake. Akaniita Mswahili, si mkwe. Akaweka mtungi kati yetu, mrija umenielekea. Sikunywa. Wala hakushangaa. Wanaume wengine wakaja wakachuchumaa, nikawaambia habari ya rangi ya njano.

Mzee akainuka, akanizungusha kilima kizima. Huku historia haisimuliwi, inaonyeshwa kwa kidole. Kila penye mvumu mkubwa palikuwa ua wa mtu, maana ule mti hupandwa nyumba inapojengwa, na nyumba ikishaoza wenyewe unabaki. Huu wa fulani. Ule wa baba yake fulani. Ule uliopinda ni wa babu yake mwenyewe, aliyefika wakati hapa pote ni msitu na nyati, akafyeka kwa panga. Aliyefyeka msitu ndiye mwenye ardhi, yeye na wajukuu wake. Chifu hakumpa, mfalme hakumpa. Chini kabisa ziwa linang'aa, na yule babu alikuwa akilitazama kutoka hapohapo, mji wa Gisenyi haujakuwepo.

Tukafika kwenye kiwanja chenye ua wa miti ulioota ovyo. Cha kifungua mimba wake, kaka yake Mariamu. Mzee akasema kwa sauti ya kawaida: "Mara ya mwisho walituhesabu, tukapungua." Waliandikwa vijana, mvua moja haijapita wakaitwa kwenda machimboni Kongo. Mwanawe alikuwa mmoja wao. Hakuna habari yake. Kiwanja hakilimwi na mtu mwingine, na hakitalimwa.

Akaniuliza kama naweza kuapa kwamba safari hii hawatachukua mtu.

Sikuweza. Nilimwambia tu kwamba tunarudi Jumatano, na ni mara ya mwisho. Chumvi aliipokea.

Jumatatu, 11 Juni

Nimejaribu kwa Bwana. Nikamwambia habari ya majivu ya moto. "Mi naandika mutu ule naona. Majivu haiko mutu." Kisha akataka kujua kwa nini sikusema siku ileile. Nikainama kukaza mikanda ya chombo.

Askari anayelinda msafara wetu akaingilia: tuwazunguke kwa upande wa mianzi, tuwakamate wote. Bwana akasema hapana, hakuja kuwinda. Lakini tangu hapo yule askari haniondolei macho.

Jumanne, 12 Juni

Wakitoka wakaja kuchukuliwa, nimewauza. Wasipotoka, nimebeba mimi mwenyewe chombo cha kuwafutia kwao. Sijui lililo baya zaidi. Anayejua aje anieleze.

Jumatano, 13 Juni

Tumerudi Kabuye.

Tulipotokea kwenye kona ya mwisho tukaona moshi. Mwingi kupita kiasi. Penye nyumba, na sehemu zisizo na nyumba hata moja, hadi kwenye kingo za mianzi. Moyo ukafurahi kidogo tu, kisha nikaona uso wa Bwana. Umekuwa mwekundu. "Wanachoma musitu!" Kuchoma msitu ni jela, kila mtu anajua. Askari akashusha bunduki begani. Bwana akageuka kurudi kwenye gari, aende kuleta askari wengine.

Nikautua mzigo wangu katikati ya njia. Njia yenyewe ni ya mbuzi, huwezi kupita bila kuuruka. Nikasema: "Bwana, kule ni ukweni kwangu. Ule moto ni ya kupika. Wananingoja."

"Ukweni? We hukusema."

"Bwana hakuuliza."

Nusu kweli, nusu uongo, Mungu anisamehe. Askari akanisogelea. Bwana akamzuia kwa mkono, akasimamisha chombo palepale njiani, akachungulia. Akakaa muda mrefu jicho kwenye kioo. Sijawahi kumchukia mtu na kumwombea kwa pamoja kama nilivyofanya pale. Mwishowe akasema polepole: "Bon. Iko watu." Tukapanda.

Walikuwa wamesimama, kila nyumba penye moto wake. Wanawake, watoto waliooga, vikongwe waliobebwa kwa machela. Mama mmoja ameshika watoto wake kwa nguo, kana kwamba tunaondoka nao leo. Bwana anauliza, nageuza, anaandika. Tulipofika kwa mkwe wangu akaniuliza mimi jina la mzee. Nikamwambia mzee ajitaje mwenyewe. Alijitaja, na akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye malezi.

Ndipo tukaufikia moto usio na nyumba. Chini ya mvumu. Kikongwe mmoja anauchochea. Bwana akauliza huu ni wa nani. Likatajwa jina. Mwenyewe yuko wapi? Kikongwe akaonyesha ardhi.

"Anasema nini?"

"Anasema iko chini, Bwana."

Na uliofuata vilevile, na mwingine. Hawakuwa wanadanganya. Wamesikia kwangu kwamba ardhi inapotea pasipo na mtu, basi wamewaleta wote. Kwao aliyefyeka bado yupo, ni mwenyeji kuliko walio hai. Hakuna aliyewaza kwamba mzungu hahesabu wafu. Bwana akaanza kuhema. Nikaogopa atafuta na walio hai. "Wafu hapana, Fundi. Waambie. Wafu hapana." Nikawaambia. Kina mama wakaguna. Kule tulikotoka kikongwe hakuuzima moto wake.

Wa mwisho ulikuwa kwenye kiwanja cha yule kijana. Moto mdogo, hakuna aliyesimama. Kiko kati ya mashamba ya mkwe wangu na kijito. Kikipakwa njano, kilima kimekosa njia ya maji.

"Na hii?"

Niligeuza swali. Mzee akautazama moto. Akisema mwanawe yuko Kongo, hapa hapana mtu. Akisema amekufa, amemzika kwa mdomo wake mwenyewe. Bwana akagonga kalamu kwenye karatasi.

Mzee akanishika mkono wa kanzu. Kwa nguvu, kama anavuta ng'ombe. Akanisimamisha kando ya moto, akasema: "Mwanangu ni huyu hapa."

Wote wakaningoja nigeuze maneno. Sikujua nitageuzaje.

"Anasema nini, Fundi?"

"Anasema hii ni yangu."

"We iko mutu ya Mbugangari."

"Na ya hapa, Bwana."

Alinitazama, akamtazama mzee. Anajua. Sina shaka anajua. Akauliza majina yangu yote matatu, akayaandika.

Sasa mimi ni mtu wa Kabuye. Kodi ya huku ni yangu, na mitaro ya kuzuia udongo kwenye miteremko nitachimba kama wenzangu. Wakija kuita watu wa machimboni, jina langu limo. Mimi ninayeogopa baridi.

Alhamisi, 14 Juni

Nimemwambia Mariamu. Hapo ndipo alipolia. Amemlilia kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumamosi, 30 Juni

Bwana ameondoka kwenda Usumbura kwa wakubwa wake, na karatasi zake. Kabla hajaondoka nilimwona akiikwangua ile njano ya Kabuye kwa wembe, taratibu. Akaandika jina la kilima juu yake. Huko Usumbura watasema nini, sijui.

Tumepanda sote watatu. Saidi amemwogopa babu yake, kisha akamvuta fimbo. Mzee ameweka mtungi kati yetu kama kawaida yake, na mrija. Kando yake akaweka kibuyu cha maziwa, hakusema ni cha nani. Nikanywa. Yalikuwa baridi, kama kila kitu huku.

Jumatatu ni zamu yangu ya mtaro. Wamenipa jembe refu, naona wanacheka.

Mariamu amefagia kiwanja cha kaka yake na kupika viazi pale pale nje. Kuni mbichi, moshi mwingi, unateremka kuelekea ziwani. Mbwa walibweka njiani, watu wakainua vichwa, wakidhani ni askari. Alikuwa mtu tu na mbuzi wake. Mariamu akaongeza kuni.